Nyumba Iliyomlaza Matroni

Jerioth alishuka Amu na furushi la mablanketi. Hebu fikiri, mtu na akili zake timamu, mwezi wa Januari, joto la kaskazi limepamba moto, na nyuma yake hamali anachuruzika jasho chini ya mzigo wa sufu ya kijivu! Watu waliokuwa gatini wakatazamana. Bwana mmoja mwenye heshima zake akamwuliza hamali kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa anayeletwa kwa mashua ya nyuma. "Hapana," akajibu Jerioth mwenyewe, kifua mbele, "ni ya wasichana wangu. Sitaki wapigwe na baridi." Yule bwana akasema alhamdulillahi, akaenda zake, na habari ikafika sokoni kabla ya mablanketi.

Lakini msimcheke sana. Kwao Kinangop, asubuhi za Julai, umande hugeuka barafu juu ya kabichi, na maji uliyoyaacha nje kwenye ndoo unayakuta yameota utando. Huko alikuwa matroni msaidizi katika bweni la wamisionari, na huko alimshika mkono msichana mmoja aliyekuwa akikohoa tangu Jumapili, akamshika mpaka mkono ule ukalegea. Nimonia. Tangu siku ile Jerioth alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni baridi. Serikali mpya ilipotafuta mwanamke wa kwenda kulea wasichana Lamu, ambako wenyewe huita Amu, wenzake walimwambia kule ni mbali, kule kuna mashifta, kule watu wanakula pweza. Yeye akaenda dukani kutafuta mablanketi.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, na kila mahali nchini watu walikuwa wanajenga kitu. Amu walijenga bweni. Wanaume walibeba mawe, wanawake walibeba maji, na ukingoni mwa mji, upande wa Wiyoni, ikasimama nyumba ndefu ya matofali ya saruji na paa la mabati lililong'aa hata ukaliona kutoka kisiwa cha Manda. Mwalimu mkuu, Bwana Rufus, mtu wa bara kama Jerioth, alilipenda paa lile kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. Mgeni yeyote aliyefika shuleni alipelekwa kwanza akaone mabati.

Humo walilala wasichana wanane kutoka visiwani, Kizingitini na Faza na Siyu, wa kwanza katika nchi ile kuvuka maji kwenda kulala ugenini kwa ajili ya shule. Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Aliyewatoa kwao ni Bwana Muhdhar, mzee wa mji wa kale aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyezunguka kijiji kwa kijiji akawabembeleza baba zao mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Wakakubali, lakini kwa masharti mawili, na msemaji wao alikuwa Bwana Jeilani wa Kizingitini, mwenye mashua zake za uvuvi na baba wa msichana aitwaye Ummu. Sharti la kwanza, madirisha yote ya bweni yazibwe kwa mbao na misumari, kwa sababu upande mmoja wanapita wanaume waendao msikitini na upande wa pili wanapita wenye punda, na binti wa watu si wa kutazamwa amelala. Sharti la pili, mwisho wa mwaka kuna mtihani wa darasa la saba. Atakayeshindwa anarudi kwao, na wakishindwa wote, habari ya kuwasomesha mabinti isirudiwe tena. Na Bwana Jeilani akisema neno, amesema.

Jerioth alipoyaona madirisha yamezibwa alifurahi. Baridi ingeingilia wapi?

Haya. Sasa sikilizeni kilichoingia. Jua likishapanda, bati lilianza kulia, tik, tik, tik, likijinyoosha. Mchana chumba kilikuwa hakiingiliki. Usiku, wakati Amu nzima imepoa na watu wamelala darini, juu ya nyumba, wakipepewa na upepo, bati lilikuwa bado linarudisha joto lililolimeza mchana kutwa, na kuta za saruji nazo vilevile, na upepo uko nje unagonga mbao kama mgeni asiyekaribishwa. Wasichana wakaota vipele shingoni. Wakaanza kugombana, mara kikombe, mara mkeka, mara "umenitazama vibaya." Darasani walisinzia huku macho yamefunguka. Ummu, ambaye kwao alikuwa akimfanyia baba yake hesabu za samaki kichwani kabla hajamaliza kuuliza, sasa alisoma swali ubaoni, akainamisha kichwa kwenye daftari, na swali likawa limekwisha potea.

Jerioth akawashika vipaji vya nyuso. Moto! Jasho! Kichwa kinauma! Kwao Kinangop hiyo ina jina moja, homa, na homa ina dawa moja, kufunikwa. Basi akawagawia mablanketi. Ee Mola wangu! Mimi ningepiga kelele mpaka Mokowe ng'ambo wakasikia. Lakini wale walikuwa mabinti waliofunzwa na mama zao, na binti aliyefunzwa harudishi alichopewa na mkubwa wake. Wakasema, "Ahsante, Bi Matroni." Wakajifunika mpaka kidevuni, maskini, wakamtazama yule mwanamke mwema anayewaua, naye akawaombea Mungu, akazima taa, akafunga mlango vizuri.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa aibu tupu. Mwalimu Rufus alisema wasichana wana vichwa vizito, ndivyo walivyo. Jerioth hakukubali. Aliwauliza wanawake wa sokoni ni kitu gani kinatia nguvu, wakamwambia mafuta ya ini la papa, na mwezi wa Aprili akaanza kuwanywesha, kijiko asubuhi, kijiko jioni, ukitapika unaongezwa. Na tazama miujiza! Mei wasichana wakaamka. Juni wakachangamka. Julai Ummu akawa wa kwanza darasani, akawapita wavulana wote, na Mwalimu Rufus akatembea na habari hiyo mji mzima kana kwamba amemzaa yeye. Jerioth akayasifu mafuta. Kwamba mwezi uleule wa Aprili masika ilikuwa imeanza, na baada yake kusi ikavuma siku nenda siku rudi na bati likapoa, hilo halikumpitia akilini. Mgeni haoni hata akiwa na macho makubwa.

Agosti alikwenda kwao likizo. Huko nyuma Bwana Muhdhar akafariki. Aliporudi alikuta mji umeshazika, na wasichana wamepoteza mtetezi wao. Septemba kusi ikachoka. Oktoba ikaingia na joto lake, na wasichana wakaanza kudidimia palepale walipokuwa Februari. Jerioth akaongeza mafuta, vijiko viwili. Hayakusaidia. Vijiko vitatu. Siku moja katika somo la jiografia msichana wa Siyu akaanguka chini na ramani ya Afrika mkononi. Mtihani ulikuwa Novemba. Jerioth akaanza kuyaona majahazi yakiwarudisha makwao wote wanane, na moyo wake ukavunjika, maana alikwisha kuwapenda, na mwenyewe hakuwa amelala usingizi wa haki tangu kusi ikatike.

Siku ile iliyogeuza mambo alikwenda kutimiza wajibu tu. Hakuwa amemhani mjane wa Bwana Muhdhar, Bi Alawiya, na kila siku iliyopita ilimwongezea haya. Akaenda baada ya adhuhuri, akapita vichochoro vya mji wa kale akitafuta nyumba, na alipoonyeshwa alisikitika. Ukuta mtupu! Mrefu, mweupe, hauna dirisha hata moja la kutazama njiani. Alijisemea, masikini mjane, amefungiwa kama wasichana wangu.

Nyumba njema si mlango. Akaingia. Kijakazi mzee alimwongoza mahali penye kona, kisha kona nyingine, na kila kona ikawa inamvua kitu. Kwanza lilimtoka jua. Kisha zikamtoka kelele za njiani. Kisha akatokea kiwandani, ua uliozungukwa na nyumba yenyewe, na juu yake hakuna dari ila mbingu. Hapo alisimama. Upepo ulikuwa unashuka. Jerioth alikuwa ameona upepo ukivuma huku na huku maisha yake yote, lakini hajawahi kuona nyumba inauvuta kutoka mbinguni, inauzungusha uani, halafu inauingiza vyumbani polepole. Akapandishwa ngazi za mawe mpaka kwenye chumba kirefu chembamba, dari yake iko juu kabisa, boriti kwa boriti zimepangwa zimepakwa rangi nyekundu, na kuta nene kiasi kwamba akinyoosha mkono mlangoni vidole havifiki ng'ambo. Chokaa nyeupe. Vishubaka vimechongwa ukutani safu juu ya safu, kila kimoja na kivuli chake. Akagusa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa baridi. Oktoba, mchana kweupe, Amu, na ukuta ni baridi kama jiwe la mtoni kwao!

"Ngai!" akamwita Mungu wa Kikuyu kwao, kwa sauti, katika nyumba ya msiba, mbele ya watu.

Hakuna aliyemlaumu. Akaketishwa mkekani miongoni mwa wanawake, mgongo ukutani. Mmoja alikuwa anasoma Yasini kwa sauti nyororo. Bi Alawiya alikaa mwisho wa chumba, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo isiyo na pambo, akiwa katika eda yake, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani. Jerioth akapanga maneno ya pole kichwani. Baridi ya ukuta ikampenya gauni, ikampanda uti wa mgongo, ikafika kisogoni. Akasema moyoni, nitafumba macho kidogo tu, kwa heshima ya kisomo.

Alipoyafumbua, muadhini alikuwa anaadhini alasiri. Wanawake wote wamekwisha kwenda. Alikuwa amelala chali mkekani, mdomo wazi, amefunikwa leso nyepesi, na pembeni yake ameketi mwenye msiba anamtazama.

Jerioth alitamani ardhi ipasuke. "Bi Alawiya, nisamehe! Nimekuja kukupa pole nami nimelala kama mlevi. Sijawahi kulala kwenye nyumba ya watu, haki ya Mungu!"

"Kaa kitako, mwanangu, usione haya," akasema Bi Alawiya. "Hukulala wewe. Nyumba imekulaza. Walitaka kukuamsha, nikawaambia mwateni, huyu ana deni la usingizi."

Jerioth akajifuta uso. Hakuwa na jasho la kufuta. Na jambo hilo dogo ndilo lililompiga. Akatazama mikono yake mikavu, akatazama dari, na kichwani mwake, ambamo kwa wiki nyingi mlikuwa na uji, fikra zilikuwa zinatembea kwa miguu yake zenyewe, moja nyuma ya nyingine. Akauliza swali la kitoto. "Bi Alawiya, nyumba yako haina madirisha. Baridi hii inatoka wapi?"

Bi Alawiya akacheka, kicheko kidogo kilichomshangaza hata mwenyewe, cha kwanza tangu azikwe mumewe. "Ninayo, mbona ninayo? Yameangalia ndani. Nyumba hii imeipa ndia ya wapitao mgongo, ikaipa mbingu uso. Mtu wa ndiani hawezi kutuona, na upepo hatuukosi. Waliojenga nyumba hizi, mwanangu, walikuwa na mabinti."

Jerioth akaugusa ukuta tena. Ndani yake mlikuwa na mtikisiko. Mtu fulani, kabla hata bibi ya bibi yake hajazaliwa, alikuwa amekaa mahali hapa akawaza binti yake asionwe na binti yake apumue, yote mawili, akachonga mawe ya baharini, akachoma chokaa, akayapata yote mawili. Na mtu huyo amekufa, hata kaburi lake halijulikani, na leo fikra yake imemlaza mwanamke wa Kinangop. Machozi yakamtoka. "Nimewapika," akasema. "Bi Alawiya, nimewapika watoto wa watu. Tena nikawafunika mablanketi."

Akasimulia yote, misumari, vipele, mafuta ya papa, msichana wa Siyu na ramani yake. Bi Alawiya alisikiliza. Kwenye mablanketi alijiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Kwenye mtihani hakucheka tena.

"Marehemu aliwatoa wale kwao kwa ulimi wake," akasema. "Walete hapa."

"Katika eda yako?"

"Hasa katika eda yangu. Tangu marehemu atoke, mwanamume asiyekuwa maharimu wangu, wa damu yangu, havuki mlango ule. Wanangu wako Mombasa. Katika mui mzima wa Amu kuna nyumba gani iliyofungwa kwa wanaume kuliko hii? Mwambie Jeilani akutajie moja."

Lakini kuambiwa na kukubali ni mambo mawili. Mwalimu Rufus alikuja juu. Yaani bweni jipya, la saruji, lililojengwa kwa jasho la wananchi, likimbiwe kwa ajili ya nyumba ya zamani? Afisa wa elimu akija ataambiwa nini? Na baba za wasichana, habari ilipowafikia visiwani, wakasema nyumba ya msiba ina mkosi kwa mabinti. Joto? Nani Amu hajui joto? Watoto wamezaliwa nalo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jerioth hakubishana nao. Aliwaalika kikao Mwalimu Rufus na Bwana Jeilani na baba wawili wengine, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, palepale bwenini. Wasichana aliwapeleka kwa Bi Alawiya kutwa. Mlango akaufunga, akisema mambo ya mabinti hayazungumzwi mlango wazi, na nani angepinga hilo? Kisha akawamiminia kahawa ya moto, yenye tangawizi.

Mwalimu Rufus alikuwa na suti na tai. Bwana Jeilani alikuwa na kanzu na koti juu yake, kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono kichwani, mwanamume mpana mwenye ndevu za heshima. Bati lilikuwa linalia, tik, tik. Kikombe cha kwanza walikunywa wakizungumza. Cha pili walikunywa wakinyamaza. Jasho lilianza kumtiririka Bwana Jeilani kutoka chini ya kofia, likapita shavuni, likaingia ndevuni, naye hakulifuta, kwa maana baba mwingine hakuwa amelifuta lake. Adabu ya wanaume ni kitu cha ajabu. Wangekufa mle ndani wote wanne wakiwa wameketi vizuri.

"Mwalimu," akasema Jerioth kwa upole, naye mwenyewe gauni limemganda mgongoni, "kabla hatujaendelea, tufanyie hesabu moja ya mtihani wa mwaka jana, wazazi waone wasichana wanajaribiwa na nini."

Mwalimu Rufus akasimama mbele ya ubao mdogo. Ilikuwa hesabu ya tangi linalojazwa na mifereji miwili. Alikuwa ameifundisha mara nyingi, angeifanya usingizini. Akaandika. Akafuta. Akaandika tena, chaki ikamteleza kwa jasho. Akapata tangi linajaa kabla mifereji haijafunguliwa. Akalitazama jibu lile muda mrefu, tai imelowa, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kujua kama ni sawa au si sawa.

"Fungueni mlango," akasema Bwana Jeilani. Kisha, baada ya kuvuta pumzi mbili tatu, "Wana wetu hulala humu?"

"Humu," Jerioth akajibu.

"Na usiku?"

"Usiku bati linatoa joto lote lililolimeza mchana. Asubuhi ndipo linapopoa, na asubuhi ndipo wanapoamka."

Bwana Jeilani akatazama mbao za madirishani. Uso wake ukabadilika, na Jerioth aliyekuwa akimwogopa tangu Januari akamwonea huruma. "Tumewatia tanuuni," akasema taratibu. "Chokaa huchomwa hivi. Si wana."

"Lakini ile ni nyumba ya msiba," akasema baba mmoja.

"Msiba ndio huu tuloketi ndani yake!" Bwana Jeilani akanguruma. "Wahamisheni. Leo."

"Na afisa wa elimu?" Mwalimu Rufus akauliza kwa sauti ndogo.

"Mlete," akasema Jerioth, "nimpe kahawa."

Basi wakahama. Na hapa ndipo Jerioth, katika maisha yake yote, hakuweza kusimulia bila kushusha sauti. Kwa sababu hakufanya kitu. Hakuongeza chakula, hakuongeza adhabu, hata maombi hakuyaongeza, na mafuta ya papa aliyamwaga. Aliwaweka tu wasichana wanane mahali penye baridi, na akaketi akatazama wakirudi, kila mmoja kama mtu anayetoka safari. Kwanza walilala. Mchana na usiku walilala, mpaka akaogopa. Kisha vipele vikakauka. Kisha akasikia kicheko, akatambua kwamba hajui sauti zao za kucheka. Kisha siku moja alasiri alisimama kwenye ngazi akawaona wameketi mikekani kuzunguka kiwanda, kila mmoja na kitabu chake, na hakuna sauti ila kurasa. Bi Alawiya alikuwa mlangoni pa chumba chake, tasbihi mkononi, naye anatazama. Yule mjane ambaye dini ilikuwa imempa muda wa kukaa na huzuni yake bila kusumbuliwa na mtu, kitu ambacho kwao Kinangop mwanamke hakijui, maana kesho yake yuko shambani, alikuwa amekubali muda huo ujae watoto wa watu. Jerioth hakujua kipi kimstaajabishe zaidi, nyumba au mwenye nyumba. Alishukuru Mungu kwa vyote viwili, kwa Kikuyu, chinichini.

Mtihani ukafanywa. Jioni ile Ummu alikuja kukaa karibu na Jerioth.

"Ulikuwa mgumu?"

"Haukuwa mgumu, Bi Matroni. Yale ya Juni na Julai yote nimeyakuta. Na ya juzi. Lakini waliuliza na yale tuliyosomeshwa Januari na Februari. Nimeyatafuta kitwani, hayamo. Si kwamba nimeyasahau. Hayakuingia."

Jerioth akamshika bega. Miezi ya kaskazi haikumwachia mtoto yule neno hata moja, na hakuna baridi ya Oktoba iwezayo kurudi nyuma ikayaandika. Wasichana wakaenda makwao. Desemba eda ikaisha. Mjane akaoga, akavaa, akatoka kuzuru kaburi la mumewe, na aliporudi akamwambia Jerioth kwamba nyumba ile alipewa yeye na baba yake siku ya arusi, si ya mumewe wala ya wanawe, na kama kuna wasichana wa kulala ndani yake na walale.

"Na kama wapo," akasema Jerioth.

Januari majibu yakaja. Watano walifaulu. Watatu walianguka, na mmoja wao ni Ummu. Mwalimu Rufus alifurahi mpaka akaruka, watano kati ya wanane, mwaka wa kwanza! Mpango wa bweni umesimama, hakuna wa kuupinga tena. Jerioth alifurahi pia. Kisha akaenda chumbani, akakifungasha kisanduku cha Ummu kilichokuwa kimebaki, vitabu, kalamu, leso moja, akakitia kamba. Sharti lilikuwa sharti, na Bwana Jeilani akisema neno, amesema. Alikipeleka mwenyewe mpaka barazani pa Bi Alawiya, kwenye benchi za mawe za mlangoni, ili yule baba akija asilazimike kungoja.

Alikuja siku ya tatu, mchana, jua limewaka kama lile lile la mwaka uliopita. Jerioth alisimama mlangoni, amekaza uso asilie mbele ya mwanamume. "Bwana Jeilani, kisanduku chake hiki hapa. Nimeweka kila kitu. Nisamehe mimi. Alikuwa mwerevu kuliko wote, na mimi ndiye niliyemfunika."

Bwana Jeilani alikitazama kisanduku. Hakukigusa. Alikaa kwenye benchi la jiwe, akavua kofia, akaishika magotini, na Jerioth hakuwa amewahi kumwona kichwa wazi.

"Nimefanya kazi ya bahari tangu udogo wangu," akasema. "Nikimtia baharia ndani ya mashua iliyotoboka, nami ndiye niliyeitoboa, akizama siwezi kusema hajui bahari." Akaigeuza kofia magotini. "Mwaka ule haukuwa wake, Bi Jerioth. Ulikuwa wetu. Mpe mwaka wake."

Kisha akageuka akaita njiani. Ummu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa pili, ndani ya buibui lake, ameshika mkeka mpya, haamini kwamba anaitwa. Jerioth akajisogeza kando mlangoni. Msichana akapita mbele yake, kona ya kwanza, kona ya pili, akaingia ndani kwenye baridi, na kule nje Jerioth akakaa kwenye benchi la pili, mkabala na Bwana Jeilani, wakalia wote wawili bila kutazamana.